KUMTAMBUA DUBWANA KABLA YA KUMPIGA

Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa vita uliochezwa kwa ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, na dadu. Maofisa wakautumia kujifunzia kazi yao. Katika ukoo wa michezo ya namna hiyo ulizaliwa Marekani, mwaka 1974, mchezo wa Dungeons & Dragons. Humo wachezaji hujifanya mashujaa, na msimamizi huwaletea madubwana wa kupambana nao. Kitabu cha madubwana hao, Monster Manual, kilitoka 1977; nyongeza zake zikafuata, Fiend Folio mwaka 1981 na Monster Manual II mwaka 1983.

Askari anayetaka kununua nyongeza kwa mshahara wake achague ipi? Wengi huvutwa na picha. Afadhali atazame kama kitabu kinaeleza dubwana hupatikana wapi, hutembea na wenzake wangapi, ana akili kiasi gani na hushambulia vipi. Monster Manual ilipanga nyingi ya habari hizo kwa kila kiumbe, mithili ya taarifa ya upelelezi. Fiend Folio, ambayo viumbe vyake vingi vilitungwa na wasomaji wa gazeti la White Dwarf la Uingereza, ina vioja vya kuchekesha, lakini baadhi havina kazi ila kumshangaza mchezaji.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870, paka wa sultani alikula kuku, kisha mifugo, kisha watu, akawa nunda. Kitinda mimba wa sultani akaenda kumwinda. Akaua mbwa, fungo, punda milia, twiga, kifaru, hata tembo, na kila mara mama yake akamwambia siye. Jasho lote hilo, na adui yu hai! Mwishowe alimkuta amelala mlimani, akalinganisha alama alizoambiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka kama ya fungo, mkia mnene. Ndipo akampiga.

Kwa sisi wa pande za Mwello, Tororo na Busia, nyongeza ya kufaa zaidi ni Monstrous Compendium ya mwaka 1989. Kurasa zake hazikushonwa. Zilitiwa katika jalada lenye vyuma, hivyo mwenye nacho aweza kuchomeka zake. Achomeke amanani wa Waluhya, Apul Apul wa Waluo, na lukwata wa Ziwa Victoria aliyewatisha wavuvi wa Buganda na Busoga. Kila mmoja apewe ukurasa wake, na alama za kumtambulia ziandikwe juu kabisa, kabla ya hesabu ya meno na makucha.