Je, Wajua? Kompyuta Huizorotesha Gemu Ili Isiungue

Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilifanya jaribio la kikatili. Gemu ya Quake III ikiwa inaendelea, waling'oa feni na bamba la kupoozea kutoka juu ya prosesa. Athlon ya kampuni ya AMD ilifuka moshi na kufa. Pentium III ya Intel iliganda. Pentium 4 haikusimama, ila picha zilianza kujikokota, na bamba liliporudishwa mahali pake kasi nayo ikarudi.

Kujikokota kwa namna hiyo kunawasumbua watu wengi wanaocheza nyumbani bila kujua chanzo chake. Prosesa za leo, za Intel na za AMD, pamoja na chipu za kadi za michoro, zina vipimajoto ndani yake. Joto likikaribia kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, chipu hupunguza kasi ya mapigo yake na volti inazotumia. Umeme inaoula hutegemea mraba wa volti, kwa hiyo hata punguzo dogo huleta nafuu kubwa ya joto. Yote haya hufanyika kimyakimya. Kompyuta haizimiki wala haitoi onyo lolote. Mchezaji huona tu gemu imekuwa nzito.

Dalili yake inatambulika. Gemu huanza vizuri, kisha baada ya dakika kumi au robo saa inalegea. Ukiiacha kompyuta ipoe, ukirudi unaikuta iko sawa. Gemu iliyo nzito tangu sekunde ya kwanza ina tatizo jingine.

Wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat wana sababu ya ziada ya kulijua hili. Feni haitengenezi baridi. Inaipitisha tu hewa ya chumbani kwenye mapezi ya bamba. Chumba kikiongezeka joto kwa nyuzi tano, chipu nayo hupanda kwa kiasi kama hicho. Hapo bado hujahesabu vumbi, ambalo kwenye laptop hujibana katikati ya feni na mapezi, mahali usipoweza kupaona bila kuifungua. Na laptop ikiwekwa juu ya godoro, matundu yake ya chini yanazibwa kabisa.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anauziwa kadi mpya ya michoro kabla kompyuta yake haijafunguliwa na kupulizwa vumbi. Izimwe, waya wa umeme utolewe, feni ishikiliwe isizunguke, ndipo ipulizwe. Kati ya prosesa na bamba lake hupakwa ute wa kupitisha joto, ambao hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Fundi anaufuta na kupaka mwingine, na gharama yake haifikii hata kidogo bei ya kadi.

Lakini usikisie, pima. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litafunguka dirisha la Task Manager. Tangu mwaka 2017, Windows 10 inaonyesha humo hata kazi ya kadi ya michoro. Tazama kasi ya prosesa kwa gigahezi wakati gemu inaendelea: ikiporomoka kadiri muda unavyopita huku kazi ikiwa ileile, shuku joto kwanza. Programu ya bure kama HWiNFO itakuonyesha nyuzi zenyewe.

Kuna namba mbili zinazodanganya watu. Ya kwanza ni asilimia ya jumla ya prosesa. Kwenye prosesa yenye viini vinane, kiini kimoja kikijaa kabisa jumla husoma kama asilimia 12 tu, na mtu husema prosesa haina kazi, kumbe gemu nzima inakisubiri kiini hicho kimoja. Ya pili ni idadi ya picha kwa sekunde. Ili kufikia picha 60, kila picha inapaswa kuwa tayari ndani ya milisekunde 16.7. Sasa chukua sekunde yenye picha 54 za kasi hiyo na moja iliyochukua milisekunde 100. Kihesabio kitasoma 55, namba nzuri tu, lakini jicho limeona gemu ikikwama. Mkwamo wa ghafla wa aina hiyo mara nyingi hutokana na RAM iliyojaa au diski ya kuzunguka inayotafuta data.

Kujua nani anamchelewesha mwenzake kati ya prosesa na kadi ni rahisi. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta za kuchora zinapungua kwa zaidi ya nusu. Picha kwa sekunde zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zisipobadilika, ni prosesa. Hakikisha pia laptop imechomekwa kwenye chaja, na kwamba waya wa kioo cha kompyuta ya mezani umechomekwa kwenye kadi ya michoro, si kwenye tundu la ubao mkuu.

Wakati mwingine kompyuta haina kosa lolote. Gemu ya GTA Online ilitoka mwaka 2013, na kwa miaka mingi wachezaji wake walisubiri dakika kadhaa ili ifunguke. Mapema 2021 mtengeneza programu mmoja anayejiita t0st alifungua Task Manager ileile, akaona diski, intaneti na kadi zimetulia, ila kiini kimoja cha prosesa kimejaa kwa dakika nne. Alipochimba zaidi alikuta gemu inasoma faili la megabaiti 10 lenye orodha ya vitu takriban 63,000, na kwa kila kipande inachosoma inahesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki. Kisha kila kitu kililinganishwa na vyote vilivyotangulia, jambo linalozaa ulinganisho karibu bilioni mbili. Marekebisho yake yalishusha muda kutoka dakika sita hadi chini ya mbili. Rockstar, watengenezaji wa gemu hiyo, walikubali kwamba amepatia, wakamlipa dola 10,000, na Machi mwaka huohuo wakawatumia wachezaji wote marekebisho.