Mbaazi ya Mbeere: Mti Unaojua Kungoja

Mtu wa Pwani hana haja ya kuelezwa mbaazi ni nini. Mbaazi za nazi na mahamri ndicho kifungua kinywa chake, awe Mombasa, Malindi au Lamu. Lakini ni wachache miongoni mwetu waujuao mti wenyewe, na wachache zaidi wajuao jinsi uvunwavyo. Kwa hiyo yafaa tuvitazame vishamba vya kando ya nyumba huko chini ya Mlima Kenya: Mbeere iliyomo Embu, na Tharaka iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Meru hadi 1992.

Huku siko kwenye chai na kahawa za mteremko wa juu. Ni nchi ya tambarare, yenye jua kali na mvua haba zinazonyesha mara mbili kwa mwaka. Mbaazi ya asili hupandwa kwa mvua za Oktoba, pamoja na mahindi, mtama na kunde. Wenziwe hukua upesi wakavunwa, nayo ikabaki imesimama peke yake, mizizi yake ikifuata maji chini kabisa. Ifikapo Agosti, wakati majani ya kunde yamekwisha kukauka na mchicha haupo tena, ndipo maganda ya mbaazi yanapojaa.

Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua, wakimkejeli mwenye visingizio. Ajabu ni kuwa mti huo una hoja. Wataalamu waliozipanda aina za muda mrefu katika sehemu mbalimbali za Kenya, ikiwemo Mtwapa yetu, waliona kwamba joto likizidi maua huchelewa. Mti huo hungoja hewa ipoe ndipo uchanue.

Mavuno yake hayamalizwi kwa siku moja. Kwanza huchumwa maganda mabichi, yale yaliyotuna lakini hayajabadilika rangi. Punje zake hupikwa pamoja na mahindi, chakula ambacho sisi tungekiita pure. Baadaye, maganda yakikauka, matawi hukatwa, hupigwa kwa fimbo, na punje zikapepetwa kwa ungo. Hata mabua hayatupwi, kwani ni kuni. Majani yaliyopukutika na mizizi iliyobaki huirutubisha ardhi kwa msimu ujao.

Hapa ndipo penye mtihani wa mama mwenye shamba. Mbaazi mbichi zina wanunuzi, na mahitaji ya nyumbani hayangoji. Lakini akizichuma zote mbichi, hatakuwa na akiba ya ghalani, wala Oktoba hatakuwa na mbegu. Mwenye busara huichagua miti iliyozaa vizuri kuliko mingine, akaiacha bila kuiguza mpaka ikauke. Mbegu zake huhifadhiwa mahali pakavu, pengine kwa kuchanganywa na majivu ili zisiliwe na fukusi.

Na mbegu hizo si zake peke yake. Jirani aliyepatwa na ukame huja kuomba, naye hupewa, maana kesho ni zamu ya mwingine. Desturi hiyo ilikuwa hatarini. Marekebisho ya sheria ya mbegu ya 2012 yaliweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Wakulima wakaenda mahakamani, na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Qur'ani imetuamrisha kuitoa haki ya mavuno siku ya kuvunwa kwake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mboga za majani hazina zaka, lakini nafaka na kunde ziwezazo kuwekwa akiba zina zaka zikifikia kiwango, yaani wasaki 5. Na aliye chini ya kiwango hicho hakufungiwa mlango wa sadaka. Kiganja cha mbegu anachopewa jirani huzaa mwaka hata mwaka.

Basi, msomaji, utakapochovya hamri lako katika bakuli la mbaazi, kumbuka kwamba kila punje imetokana na mbegu ambayo mtu fulani, ijapokuwa alikuwa na njaa, hakuila.