Tutajuaje kama Mwanafunzi Amejifunza?

Ndani ya boksi la dawa huwa mna karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye maelezo ya namna ya kuitumia dawa hiyo. Kuna mtu aliyeyaandika maelezo hayo. Je, waliomfundisha walijuaje kwamba ameiva kwa kazi hiyo? Katika makala hii tunalichunguza swali hilo kwa kuitazama fani inayofundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, yaani mawasiliano ya kiufundi.

Mawasiliano ya kiufundi ni nini?

Ni kazi ya kuchukua jambo la kitaalamu na kulieleza kwa namna ambayo mtu anayelihitaji ataweza kulitumia. Humo mna maelekezo ya kuendesha mashine, ripoti za wahandisi, miongozo ya programu za kompyuta na tahadhari za usalama. Rensselaer Polytechnic Institute ilianza kuifundisha fani hii katika ngazi ya uzamili mwaka 1953, na Carnegie Institute of Technology ikaanza katika ngazi ya shahada ya kwanza mwaka 1958.

Uzito wake unaonekana katika ajali ya Three Mile Island. Mwezi Februari 1978, mhandisi wa kampuni ya Babcock & Wilcox, watengenezaji wa vinu vya nyuklia, aliandika waraka wa ndani. Alionya kwamba waendeshaji wa vinu wanaweza kuyafunga mapema mno maji ya dharura ya kupozea kinu, kama ilivyotokea Davis-Besse, Ohio, mwaka 1977. Alipendekeza wapewe maelekezo mapya. Waraka ukazunguka ofisini, lakini maelekezo hayakuwafikia waendeshaji. Tarehe 28 Machi 1979, huko Pennsylvania, kosa lilelile likafanyika, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Tatizo halikuwa tahajia wala sarufi. Onyo la kweli liliandikwa, ila halikumfikia aliyepaswa kulitumia. Hivyo basi, chuo kinachopima sarufi peke yake kinaweza kumfaulisha mwandishi ambaye maandishi yake hayamsaidii mtu.

Alama za mtihani hazitoshi

Tunapaswa kutofautisha mambo mawili. Alama humweleza mwanafunzi mmoja alivyofanya katika somo moja. Upimaji wa matokeo ya ujifunzaji huuliza jambo pana zaidi: je, programu nzima inawafanya wahitimu waweze yale inayoyaahidi? Shirika la ABET, linalothibitisha ubora wa programu za uhandisi Marekani, lilisukuma sana mtazamo huu kwa vigezo vyake vya EC2000. Badala ya kuhesabu tu masomo yaliyofundishwa, vyuo vilitakiwa kuonyesha wahitimu wanaweza nini. Uwezo wa kuwasiliana vizuri ulikuwa miongoni mwa matokeo kumi na moja yaliyotajwa.

Upimaji unavyofanyika

Kwanza, walimu hutaja matokeo kwa vitenzi vinavyoonekana. "Mwanafunzi ataelewa hadhira" ni maneno yasiyopimika. "Mwanafunzi ataandika maelekezo ambayo mtu asiye mtaalamu ataweza kuyafuata hadi mwisho" yanapimika.

Pili, hukusanywa ushahidi. Dodoso la kuwauliza wanafunzi kama wameridhika ni ushahidi wa mbali tu. Ushahidi wa karibu ni kazi zao zenyewe, ambazo mara nyingi huwekwa katika mkoba wa kazi: ripoti, maelekezo, michoro, pamoja na maelezo ya mwanafunzi kwa nini aliandika hivyo.

Tatu, wasomaji hukubaliana juu ya vigezo. Hapa pana ugumu mkubwa. Mwaka 1961, Paul Diederich na wenzake wawili wa Educational Testing Service waliwapa wasomaji 53 wa fani mbalimbali insha 300 za wanafunzi wa vyuo, wazipange katika madaraja tisa. Asilimia 94 ya insha hizo zilipata madaraja saba tofauti au zaidi. Insha ileile ilikuwa bora kwa huyu na mbovu kwa yule! Ndiyo maana leo walimu hutumia jedwali la vigezo, husoma kwanza kazi chache kwa pamoja, hujadiliana, kisha kila kazi husomwa na watu wawili.

Nne, matokeo hurudishwa darasani. Ikiwa kazi nyingi zina lugha safi lakini hazimjali msomaji, mtaala ubadilishwe. Bila hatua hii, upimaji ni makaratasi ya kuwaridhisha wakaguzi.

Mpimaji halisi ni nani?

Sisi tunaosoma falsafa tunamkumbuka Aristotle. Katika kitabu cha tatu cha Siasa anaeleza kwamba si kila kazi huhukumiwa vizuri zaidi na fundi wake: mwenye kukaa katika nyumba anaijua kuliko mjenzi, na mgeni mwalikwa huihukumu karamu vema kuliko mpishi. Wahenga wetu walisema hivyohivyo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa sababu hiyo, kipimo tunachokiona kuwa bora kuliko vyote ni rahisi: mpe maelekezo ya mwanafunzi mtu asiyewahi kuifanya kazi ile, kaa kimya, umtazame. Anapokwama, mwandishi ana la kujifunza, na mwalimu wake pia. Jedwali la vigezo linabaki kuwa la lazima ili haki itendeke kwa wote, lakini halichukui nafasi ya msomaji.

Tunaloweza kuondoka nalo ni hili: yeyote anayefundisha, awe chuoni, shuleni au katika semina ya kijiji, asiishie kujiuliza, "Nimefundisha nini?" Aulize pia, "Sasa wanaweza kufanya nini, nami nimekionaje?"