Kuni Chache, Moshi Kidogo

Mama mpendwa, hapa Njombe mwezi wa Julai baridi hutufanya tusitoke jikoni. Maharage huchemka tangu asubuhi hadi mchana, na mtoto aliye mgongoni huvuta moshi ule ule tunaovuta sisi. Mimi ni muuguzi, na madhara ya moshi kwa vifua vya watoto nayafahamu. Hata hivyo, kwa miaka mingi nami nilipika vivyo hivyo.

Siku hizi naloweka maharage tangu jioni. Asubuhi namwaga maji yale na kupika kwa maji mapya, sufuria ikiwa imefunikwa. Kuni nazikausha kwanza, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Sokoni Makambako naenda na kikapu changu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Lakini nakusihi jambo moja: usiingize jiko la mkaa chumbani mnamolala ili kupata joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ongeza blanketi.

Je, umeshaloweka maharage ya kesho?