Usiache dawa, sema na munganga

Wandugu wa mugodi, na ninyi mama zetu wa Tshangalele, mwenzetu mumoja alikuya kuniona kiisha kazi. «Yaya, tangu nianze kidonge hiki, usingizi umekimbia, roho ni nzito. Nataka kuacha.» Yuko na virusi vya sida pamoja na hepatiti B. Ameniruhusu kuandika, bila jina.

Nilimwambia: usiache! Kidonge hicho kina dawa tatu. Tenofoviri na lamivudini zinapiga magonjwa yote mawili. Ukiziacha gafula, hepatiti B inaweza kuamuka na nguvu na kuharibu maini.

Ya tatu, dolutegraviri, njo inaweza kuondolea watu wengine usingizi. Zamani efavirensi ilileta ndoto mbaya na kizunguzungu. Na wagonjwa wa hepatiti C walipigwa sindano za interferoni, wengine wakaanguka katika huzuni kubwa. Sasa OMS inashauri vidonge pahali pa sindano hizo.

Mwenzetu alirudi kwa munganga. Alikuwa anameza usiku. Sasa anameza asubuhi, na analala.

Mama, bwana akianza kusema habari ya kufa, usimwache peke yake: umupeleke kwa munganga siku ileile. Na ninyi wakubwa wa kazi, mutu asiyelala asiteremushwe mu shimo. Mupatie ruhusa ya kwenda kutibiwa, bila kumuuliza ugonjwa gani. Siri ni yake. Usalama ni wetu sote.