Kutoka Darasa la Kambini Hadi Udaktari: Familia Ijiandaeje?



Tangu matokeo ya mwisho wa sekondari yatoke, wazazi kadhaa wametufuata na swali karibu lilelile: mtoto huyu akiendelea na bidii yake, anaweza kufika wapi? Mzee mmoja, mvuvi wa zamani wa Rumonge, aliuliza bila kuzunguka. Je, mtoto wa mkimbizi anaweza kuwa daktari, siyo yule wa sindano, bali yule wa vitabu? Tulimjibu kwamba inawezekana na wapo waliofika. Lakini tulimwambia pia kwamba wengi wanaoishia njiani hawaishii kwa kukosa akili. Wanaishia kwa sababu ya karatasi, au kwa sababu familia haikujua kwamba safari ni ya miaka mingi hivyo.

Kwa hiyo mwezi huu tumeonelea tuandike juu ya jambo hilo. Sisi wenyewe tumesoma mpaka sekondari tu. Ila tumekaa na vijana wengi kujaza fomu, tumesoma masharti usiku kwa mwanga wa simu, na waliotangulia wametueleza waliyoyaona.

NGAZI ZENYEWE

Baada ya sekondari kuna shahada ya kwanza, kisha shahada ya uzamili ambayo wengi huiita masta, kisha uzamivu, yaani huo udaktari au PhD. Burundi ilipanga upya vyuo vyake kuanzia 2011, na kwa mpango huo ni miaka 3, halafu 2, halafu 3. Jumla 8. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Kwa kweli udaktari peke yake mara nyingi unachukua miaka 4 au 5 na hata zaidi, na katikati ya ngazi moja na nyingine mtu anangoja ufadhili. Kijana aliyeanza chuo na miaka 20 asishangae kumaliza na miaka 33. Wazazi walijue hilo mapema, maana tumeona baba anaanza kuuliza habari ya mshahara wakati mtoto yuko mwaka wa pili.

KARATASI, KARATASI, KARATASI

Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika usiku, tukitokea Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vya pwani ile. Watu walibeba watoto, sufuria, nguo kidogo. Wachache walikumbuka vyeti, na baadhi ya hivyo vililowa. Sasa chuo hakiulizi habari ya mawimbi. Kinataka cheti cha sekondari, alama za kila mwaka, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, tena vyote visome jina moja.

Hapo kwenye jina ndipo penye kazi. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ambalo si lazima lifanane na la baba wala la kaka yake. Ofisi nyingi za nje zinatafuta jina la ukoo, na zikiona baba ana jina hili na mtoto lile, zinaanza kuuliza kama kweli ni mtoto wake. Usikasirike na usibuni jina la ukoo ili kuwafurahisha. Andika jina kama lilivyo kwenye cheti, kisha weka maelezo ya mistari miwili kwamba ndiyo desturi ya nchi.

Halafu kuna herufi. Siku tulipofika, foleni ilikuwa ndefu na mwandikaji aliandika alivyosikia. R ikawa L, herufi moja ikadondoka. Na wale wasiojua siku yao ya kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari, mpaka ukiangalia kadi za familia unadhani nusu ya kambi ilizaliwa siku ya mwaka mpya. Tunacheka, lakini kijana mmoja tuliyemsaidia alirudishiwa maombi yake na chuo kimoja kwa kuwa cheti kilisema Agosti na kadi ikasema Januari. Kurekebisha kulichukua miezi 7. Nafasi yake ikaenda kwa mwingine. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita leo, tafadhali angalia kadi yako leo, usingoje amalize.

Mahali pa kuzaliwa nako kunachanganya. Rumonge ilikuwa ndani ya mkoa wa Bururi, mwaka 2015 ikawa mkoa wenyewe, na kwa mgawanyo mpya wa mwaka 2025 imeingia mkoa wa Burunga. Kaka mkubwa, mdogo wake na mtoto mchanga wa nyumba moja wanaweza kuwa na mikoa mitatu tofauti na asiwepo mwongo hata mmoja. Fuata cheti chako kinavyosema.

Cheti cha Burundi au cha Kongo kikipelekwa kwenye chuo cha Tanzania lazima kilinganishwe kwanza. Cha sekondari kinalinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Shahada ya nje inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kazi hiyo ina malipo na ina kungoja. Tena sisi wengi tulisoma kwa Kifaransa, na vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda vinafundisha kwa Kiingereza. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unaweza kupita dola 200, pesa ambayo mwalimu wa motisha hana. Kabla ya kuitafuta, andikia chuo uulize kama wanakubali barua ya shule au mtihani mwingine wa bei nafuu. Wengine wanakubali, ila hawalisemi mpaka uulize.

Ushauri wetu mdogo: piga picha kila karatasi kwa simu na ujitumie kwenye barua pepe yako. Zile zenyewe zikae kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kiroba, siyo chini ya godoro.

PESA INATOKA WAPI?

Watu wengi hapa wanaijua DAFI, ufadhili wa UNHCR kwa msaada wa Ujerumani ulioanza 1992. Umewasomesha wakimbizi wengi sana. Lakini sikilizeni vizuri: huo ni wa shahada ya kwanza. Vijana wanamaliza chuo wakidhani mlango uleule utawapitisha mpaka masta, kumbe sivyo. Kwa masta inabidi kuanza kutafuta upya, na mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ndio wakati wake. Ubelgiji, kwa mfano, ina mpango wa VLIR-UOS ambao kwa miaka mingi umepokea maombi ya watu wa Burundi, Kongo na Tanzania. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu, siyo lile alilokuachia rafiki.

Kwenye udaktari mambo yanageuka, na wazazi wengi hawalijui hili. Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya vikimpokea mwanafunzi wa udaktari vinamlipia masomo na kumpa posho ya kila mwezi, naye anafundisha madarasa madogo au anasaidia utafiti. Kwa hiyo mtu asiuze shamba la michikichi la Rumonge eti alipie PhD. Na yeyote anayekuja hapa kambini kuomba pesa ili "kufungua faili la skolashipu" ni tapeli. Kweli vyuo vingine vina ada ya kutuma maombi, lakini hiyo hulipwa kwa chuo chenyewe, na mkimbizi anaweza kuandika akaomba asamehewe.

SWALI LAKO NI LIPI?

Shahada ya kwanza unaingia na alama. Udaktari unaingia na swali, yaani jambo ambalo hakuna aliyelijibu bado na wewe uko tayari kukaa nalo miaka mingi. Vijana wetu wanaogopa sana hapa. Wanadhani swali lazima litoke Ulaya.

Wazee waliokimbia mwaka 1972 wengi walitoka kusini mwa Burundi, pamoja na Rumonge na Nyanza-Lac. Mwaka 1985 mtafiti kijana aitwaye Liisa Malkki, mwenye asili ya Finland, alikwenda kwenye makazi ya Mishamo, upande wa Mpanda. Alikaa huko na Kigoma mjini mpaka 1986 akiwasikiliza wakimbizi wa Burundi. Alikuta kwamba watu wa Mishamo walishika sana historia yao na jina la mkimbizi, wakati wale wa mjini walijichanganya na wenyeji na hawakupenda kuitwa hivyo. Kutokana na kazi hiyo akawa daktari, kitabu chake kikatoka 1995, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Stanford. Hebu hesabuni: miaka 10 kutoka siku ya kwanza mpaka kitabu. Majibu yalikuwa ya wazee wetu, swali lilikuwa la mgeni. Hatumlaumu, alisikiliza kwa heshima. Ila tunajiuliza, mtoto aliyezaliwa Mishamo angeuliza nini?

Au tuchukue ziwa. Kila mvuvi wa Rumonge atakuambia ndagala na mukeke siyo kama zamani. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature juu ya jambo hilo. Walichunguza joto la maji, upepo, na matope yaliyolala chini ya ziwa miaka mingi. Wakasema maji ya juu yamepata joto na upepo umepungua, hivyo maji ya chini yenye rutuba hayapandi vizuri. Vijimea vidogo vinavyolisha samaki vimepungua kama asilimia 20, na samaki huenda wamepungua kama asilimia 30. Wengine wanashikilia kwamba nyavu zimezidi, na mabishano hayajaisha. Mama huyo alikuwa amefanya udaktari wake juu ya ziwa hilohilo: ardhi ikilimwa vibaya juu, maji ya ufukweni yanakuwaje? Mtu wa Rumonge aliyeona udongo mwekundu ukishuka kutoka milimani siku ya mvua ameliona swali hilo kabla hajajua kusoma.

Na Warundi wamo. Mwaka 2012 Gaspard Banyankimbona na wenzake, akiwemo Gaspard Ntakimazi wa Chuo Kikuu cha Burundi, walichapisha orodha ya samaki wa mito ya Burundi. Baadaye Banyankimbona akawa katibu mtendaji wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki kule Kampala.

Ukishapata swali, tafuta profesa anayefanya kazi ya karibu na hiyo, soma alichoandika, kisha mwandikie barua fupi ya kwake peke yake. Barua moja inayotumwa kwa maprofesa 40 wanaijua, hawaijibu. Utahitaji pia walimu wawili au watatu wa kukuandikia barua za kukupendekeza. Kwa hiyo usimkimbie mwalimu wako ukimaliza chuo, msalimie hata mara moja kwa mwaka.

Jambo moja linawasumbua sana watu wetu wakishaingia. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo ananyamaza. Kule msimamizi anarudisha sura yako ya kwanza ikiwa imejaa wino mwekundu na anategemea ubishe, ukiwa na ushahidi. Ukinyamaza anadhani huna la kusema. Mmoja wa waliotangulia alituambia alikaa mwaka mzima akiitikia "ndiyo profesa" mpaka profesa akamuuliza kama ni mgonjwa. Siku ya mwisho, ya kutetea kazi mbele ya watahini, wanambana mtu kwa maswali hivyohivyo. Hata wakimpitisha, mara nyingi wanampa masahihisho ya miezi kadhaa kabla ya cheti.

UPANDE WA FAMILIA

Hapa tutoe mfano, na wenyewe wameturuhusu bila majina. Mama mmoja wa zoni yetu anataka kurudi Rumonge. Shamba lao la michikichi limeanza kulimwa na watu wengine, na shemeji yake amempigia simu mara tatu aharakishe. Mwanawe yuko mwaka wa pili chuoni kwa ufadhili wa wakimbizi, na anataka kuendelea mpaka masta ya uvuvi. Jina lake liko kwenye kadi moja na mama. Kadi ikifungwa na wote wakarudi, hana uhakika kama ufadhili utamfuata. Mama anasema shamba halingoji. Kijana anasema shahada nayo haingoji. Wote wawili wana haki, na sisi hatukuthubutu kuamua. Tulichowaambia ni waende ofisini wakaulize kabla ya kusaini chochote: je, kijana anaweza kutenganishwa kwenye kadi, na je, ufadhili wake unasemaje juu ya anayerudi? Waombe jibu la maandishi. Mpaka tunaandika habari hii bado wanangoja.

Na akifika mbali, ile posho yake ni ya mtu mmoja. Ukisikia yuko Ulaya usimpigie kila wiki habari ya bati na karo za binamu. Mkae kikao kabla hajaondoka, mpatane atatuma nini na mara ngapi, hata kama jibu ni kwamba kwa miaka mitatu hatatuma kitu. Kwa mabinti tunaongeza: maneno ya "utazeekea shuleni" yanaanzia nyumbani, siyo chuoni.

Kila Jumamosi saa 8 mchana tutakuwa kwenye darasa la mwisho, karibu na bomba la maji, kusaidia kukagua majina na tarehe. Njooni na kadi ya familia na vyeti vyote, hata vile vilivyolowa. Anayehitaji kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya mtihani au usaili aje wiki mbili kabla. Na anayetaka hati ya kusafiria ya mkimbizi aanze kuulizia sasa hivi, hata kama bado hajaitwa na chuo chochote.