Mkongo anayeishi Bwera: stoo anaweza kukodi, shamba je?

Mto Lhubiriha unatenganisha Mpondwe na Kasindi, lakini haujawahi kutenganisha ukoo. Wakonjo wa Kasese na Wanande wa Beni na Butembo ni ndugu, wanaelewana bila mkalimani na wanaoana. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Kongo aliyehamia Bwera au Nyakiyumbu hujiona yuko nyumbani. Kwa sheria ya Uganda bado ni mgeni, na hilo hujitokeza siku anapotaka kununua ardhi.

Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inamruhusu asiye raia kupangishwa ardhi tu. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaweka kikomo cha miaka 99, na mkataba wa miaka 5 au zaidi lazima usajiliwe. Njia ya mkato inajulikana: kiwanja kinaandikwa kwa jina la shemeji. Shemeji akifariki, au ndoa ikivunjika, aliyelipa hana cha kuonyesha isipokuwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa LC1. Muhuri huo haumpi mgeni haki ambayo katiba imemnyima.

Wengi walidhani mambo yangebadilika Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inahusu uhuru wa kusafiri, kufanya kazi na kufungua biashara. Ardhi, kwa mujibu wa ibara ya 15, imeachiwa sheria za kila nchi.

Kuomba uraia je? Uganda inakubali uraia wa nchi mbili tangu 2009. Kongo haikubali, ibara ya 10 ya katiba yake ya 2006 inasema uraia wake haushikwi pamoja na mwingine. Na sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 inawapa raia peke yao haki ya kudumu. Anayetafuta shamba Nyakiyumbu kwa njia hiyo aulize kwanza habari ya kiwanja chake cha Butembo.

Cha kushangaza, mkimbizi mwenye kadi yuko wazi zaidi kisheria kuliko mchuuzi asiye na kibali. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya biashara na kuajiriwa, na watoto wake husoma shule ya msingi sawa na raia. Mwenye stoo au yadi ya malori aanzie kwenye kibali cha ukaazi, kisha mkataba wa kupanga uliosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, kabla ya kutoa fedha.